Kuhusu Yule Unayemwita Bambo

Kambi ya Dzaleka, Jumapili, baada ya alasiri

Mwamini mwanangu,

Salamu kwanza, malalamiko baadaye. Ndivyo marehemu babu yako alivyonifunza kuandika barua, na nimeishika kanuni hiyo hata siku ambazo malalamiko yalikuwa yamenijaa mdomoni. Basi nakusalimu. Mama yako amekuchukua mwende kuaga majirani kabla ya safari yako ya kesho, na ninavyomjua, hapiti nyumba ya mtu bila kukaa na kunywa chai. Kwa hiyo nina nafasi ya kutosha kabla hamjarudi.

Sitakuandikia habari za kula vizuri na kufunga mlango. Hayo mama yako amekueleza tangu juzi mpaka masikio yako yamechoka. Mimi nataka kukuandikia habari za wivu wangu.

Unaujua. Umeuona mwaka huu wote na ukanyamaza kwa adabu. Mama yako hakunyamaza. Unakumbuka jioni ile uliporudi kutoka Lilongwe, hata hujafungua begi, ukawa unasema, "Bambo amesema hivi, Bambo amenionyesha vile"? Nilitoka nje nikaacha nsima yangu, ugali wa huku, sahanini. Mama yako alinifuata mpaka kwenye ule ukuta wa gereza lililokuwa hapa kabla ya kambi, akaniambia, "We Salumu, uko na wivu sawa bibi mukubwa! Mutoto alipata mwalimu, we unanuna sawa mwanamuke mwenye balimuletea mwenzake!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Najua kwa Wachewa, wenyeji wa huku, "bambo" ni heshima tu. Hata mimi pale sokoni Dowa wananiita bambo wanapotaka niwapunguzie bei ya sabuni. Lakini sikio langu ni la Kindu, kwetu tulikotoka. Likisikia "bambo" kinywani mwako, linasikia "baba", na moyo unauliza: yupi?

Maana kwa miaka mingi hakukuwa na wa pili. Homa ilikushika ukiwa ndiyo kwanza umejua kukimbia. Ilipokuachia, iliondoka na nguvu za mguu wako wa kushoto na sehemu kubwa ya nguvu za ule wa kulia. Ndugu zangu walikuja wakakaa, wakanishauri kwa upole nisimwage fedha za shule kwako, niwape wadogo zako. Niliwapa chai, nikawasindikiza, na kesho yake nikakubeba mgongoni kukupeleka shule. Tulipita mbele ya stesheni ya treni na wapagazi wakaita, "Salumu na muzigo yake!" Nami nikawajibu, "Hii si muzigo, hii ni mali!" Nililisema hilo kila asubuhi, na kila asubuhi lilinipendeza. Nilipenda kukubeba, Mwamini. Nilipenda watu wanione nimekubeba. Sikukuuliza hata siku moja kama wewe ulipenda.

Baada ya shule ulikaa dukani kwangu juu ya gunia la chumvi, ukitazama nikinunua na kuuza. Alikuja mfanyabiashara na vitenge, akavisifu mpaka jasho likamtoka. Nilimwacha amalize, kisha nikamwuliza, "Kama ni vizuri hivyo, mbona unaviuza?" Ulicheka sana, ukaanza kuniigiza. Ukipewa ndizi na shangazi yako, unamwuliza mbona anaitoa. Nilijiambia, huyu ndiye mrithi wangu. Ulipokwenda Bukavu kusoma biashara katika shule ya juu, nilikuona kama tawi la duka langu lililofunguliwa mbali.

Halafu wanajeshi wakalipora duka, na waliorudi mara ya pili hawakutaka bidhaa, walimtaka mwenyewe. Njia tuliyopita mpaka hapa unaijua, sitairudia.

Hapa Dzaleka nikaanza tena na meza ya mbao. Wewe ndiye uliyeniambia tugawe mtaji: sabuni kidogo, chumvi kidogo, nguo kuukuu kidogo, samaki kidogo. Mimi nikasema usipa, wale dagaa wa ziwani, ndiyo yenye faida, watu wa kambi wote wanakula usipa. Nikaweka yote kwenye usipa. Mvua ikaja mapema na paa la turubai likavuja, usipa yote ikaoza. Harufu ile ilikaa kwenye mtaa wetu mpaka watoto wakatuita kwa jina lake. Hukunisuta. Uliniletea maji ya kunawa tu. Lakini nilikuona machoni kwamba tangu siku hiyo ulianza kutafuta mwalimu mwingine, na hata kama hukuanza wewe, Mungu alianza kukutafutia.

Akaja yeye. Gari lilisimama mbele ya meza yetu, na kabla hajatoka mtu yalitoka magongo mawili. Kisha akatoka mwanaume mfupi wa kifua kipana, suruali yake ikipepea kwenye miguu myembamba kama yako. Akasalimia kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, alikokaa uhamishoni miaka ya utawala wa chama kimoja hapa. Kiswahili kilichopigwa pasi! Sisi kwetu tunasema "njo hivi", yeye anasema "ndivyo ilivyo". Hata hapo tu nilianza kumchukia kidogo.

Alisema anaitwa Phiri, na anaongoza kampuni inayotunza fedha za uzeeni za wafanyakazi, za walimu, madereva na watu wa viwandani. Kazi yao ni kuziweka mahali zikue, ili mwenyewe akistaafu azikute zina thamani. Kulikuwa na kampuni moja inayotaka wanunue hisa zake, hesabu zake zote kwa Kifaransa, na pale ofisi ya kambi walimwelekeza kwako. Ukazichukua zile karatasi ukaanza kusoma. Ukamwuliza swali. Akajibu kwa swali. Ukauliza jingine. Mimi nilisimama na birika mkononi, na nyote wawili mlikuwa mmesahau kwamba chai ilikuwa imeahidiwa.

Nikuambie kilichoniuma zaidi? Walimu wako, wateja wangu, hata imamu wetu, kila aliyekutana nawe mara ya kwanza aliangalia kile chuma kinachoshikilia mguu wako kabla ya kuangalia uso. Mtu huyu aliangalia karatasi, kisha akakuangalia wewe. Hilo nililitamani kwako maisha yangu yote. Lilipofika, nilitamani liwe limetoka kwangu.

Akahangaika na ruhusa yako kwenye ofisi za wilaya kule Dowa Boma, kwa sababu mkimbizi haendi kufanya kazi mjini hivi hivi. Akakupa meza ofisini. Ukawa unakaa wiki nzima Lilongwe, mtaa wa Chilinde, kwa ile familia uliyoijua tangu Bukavu, na mwisho wa wiki unarudi na maneno mapya. Hati za serikali za muda mfupi. Hisa. Majengo ya kupangisha. Ulimweleza mama yako kwamba kwacha, fedha ya huku, ikianguka, fedha iliyolala benki nayo inaanguka pamoja nayo ingawa hakuna aliyeigusa. Ulieleza vizuri mpaka mama yako, ambaye hapendi habari za hesabu, aliacha kuchambua maharage. Nami nilikuwa kwenye kona nikijifanya narekebisha redio.

Kisha ukasema, kwa furaha kama mtoto aliyepata zawadi, "Bambo amenifundisha kuanguka."

Ukatuonyesha pale pale uani. Namna ya kuachia gongo lako lisikuchome ubavu, namna ya kugeuza bega, namna ya kukaa kidogo chini, kupumua, kisha kujiinua bila kushikwa. Ulianguka mbele yangu mara kadhaa ukicheka, na vumbi lote likawa kwenye gauni lako. Mimi nimetumia umri wako wote kukuzuia usianguke, Mwamini. Nimeruka meza, nimemwaga bidhaa, nimewasukuma watu njiani ili nikudake. Mtu akaja akakufundisha kuanguka, na yeye ndiye ukamshukuru.

Kwa hiyo siku ya ngazi ilipofika, mimi nilikuwa nimeshajaa.

Unaijua siku hiyo, lakini unaijua kwa upande wako. Sikiliza ya upande wangu. Mkanda wa chuma chako ulikuwa umekatika, fundi viatu akaushona vibaya, mama yako akaniambia nikusindikize. Ulikuwa unakwenda mbele ya wadhamini wa ule mfuko wa fedha za uzeeni kueleza fedha ziwekwe wapi. Ilikuwa mara yako ya kwanza kusimama mwenyewe, na Bambo Phiri alikuwa amekuachia uongee. Mwenyekiti wao alikuwa amependa hoteli moja ya kando ya ziwa, akitaka sehemu kubwa ya fedha iingie huko, na wewe ulikuwa na sababu za kumkatalia.

Jengo lile lina ngazi na halina lifti. Nyinyi wawili mlikuwa na desturi yenu: mnafika mapema, mnapanda mmekaa, ngazi moja moja, mnajifuta vumbi, na wadhamini wakiingia wanawakuta kwenye viti. Siku ile minibasi ya Dowa ilichelewa. Tulipofika wao nao walikuwa wanaingia, na yeye alikuwa juu tayari. Ulikaa kwenye ngazi ya kwanza kama ilivyo desturi yako. Wanaume wenye tai wakakupita pembeni, wakitazama ukutani.

Nikakuambia, "Panda mugongo."

"Hapana, baba. Niko na namna yangu. Acha bapite kwanza."

"Batu banatuangalia, Mwamini."

"Acha baangalie. Baba, hapana. Tafazali, baba."

Nilikwisha kukunyanyua. Niliingia nawe chumbani mgongoni, mtu mzima mwenye makaratasi mkononi, na watu wakafanya jambo baya kuliko kucheka. Walitusifu. Mwenyekiti alipiga makofi, akasema kwa Kichewa kwamba hiyo ndiyo maana ya baba mwema, akanishukuru, zikomo kwambiri, bambo, zikomo. Wengine wakasimama kunipa mkono. Na mimi nilifurahi. Nilinyoosha shingo, nikamtazama Bambo Phiri kule alikokaa, nikitaka aone kwamba kuna kitu hawezi kukufanyia. Aliona. Akainamisha kichwa, akaanza kupanga kalamu zake.

Kilichofuata tulikiona wote. Mwenyekiti alielekeza maswali yake kwangu. "Binti yako anaelewa Kiingereza? Binti yako atahitaji maji?" Ulipoanza kueleza, walikusikiliza kama watu wanavyosikiliza mtoto akikariri, wakitabasamu na kutikisa vichwa. Ukamaliza, wakapiga makofi, halafu mwenyekiti akasema umejitahidi sana, na kwamba uamuzi wa hoteli ungoje mwezi ujao aje kuueleza mtu mzima. Ulikuwa mtu mzima ulipotoka nyumbani asubuhi. Mimi ndiye niliyekufanya mtoto, kati ya ngazi ya chini na ya juu.

Kwenye minibasi ulitazama nje mpaka tukaiacha barabara kuu. Hapo ukasema bila kunigeukia, "Baba, mu ile chumba niliingia sawa muzigo. Muzigo haiwezi kuambia batu baweke wapi feza yao."

Wapagazi wa Kindu niliwajibu kila siku. Wewe nilikushikia begi tu tulipofika.

Hukunionyesha ukali. Uliomba chumvi, uliniambia asante, ukarudi mjini. Na nikuambie jambo ambalo mama yako halijui: wiki hiyo, nikiwa kwenye meza yangu, nilitamani mambo yako yaharibike. Si sana. Yaharibike kidogo tu, uache hiyo kazi, urudi ukae karibu yangu tuuze chumvi, jioni tugombane juu ya usipa. Nilikuwa nakuonea wivu wewe mwenyewe, mwanangu. Mimi pia niliwahi kuota kufanya biashara kubwa. Nilikuwa karibu kufungua duka la pili Kisangani. Sasa mtoto wangu anasema "mfuko umeamua", akiwa na maana ya fedha za watu wengi kuliko wote wanaoishi kambi hii, na mimi nahesabu vipande vya sabuni. Mtu anaweza kumpenda mtoto wake na kifua kikamuungua vile vile. Sikujua hilo kabla. Sasa najua.

Habari za mkutano wa pili nilizipata kwa njia isiyo ya heshima. Nilimwambia mama yako nakwenda kununua sabuni ya jumla Lilongwe. Nilikwenda kusimama chini ya dirisha la ofisi yenu, karibu na mwanamke anayeuza mandazi, nikamnunulia na kumnunulia tena ili asiniulize nafanya nini pale.

Nilishangaa kukusikia chini, si juu. Baadaye ndiyo nikaambiwa ulichofanya. Ulimpelekea mwenyekiti ujumbe kwamba mkutano utakuwa kwenye chumba cha chini, kile walinzi wanachochemshia chai. Akajibu wadhamini hawakai jikoni. Bambo Phiri akataka kwenda kumbembeleza, aseme ni kwa ajili ya miguu yake mwenyewe. Ukamkatalia. Ukasema isiwe kwa ajili ya miguu ya mtu. "Waambie taarifa zote ziko chini, kwangu. Anayetaka kuzisoma kabla ya kupiga kura atashuka." Wakashuka. Na yule mzee mwakilishi wa madereva alipoketi alishusha pumzi, akasema magoti yake yalikuwa yakiomba jambo hili miaka yote, ila yeye alikuwa na haya ya kuyasemea.

Nilikusikia ukieleza. Sehemu uliyoeleza kwa Kiingereza sikuishika. Kisha mwenyekiti akakuuliza kwa Kichewa, kwa sauti ya mtu anayetega mtego, kama wewe umewahi kupoteza fedha, au unajua fedha za kwenye vitabu tu. Ukajibu kwa Kichewa chako cha sokoni, na humo nikasikia "nsomba", nikasikia "mvula". Samaki, na mvua! Maneno hayo mawili yanamtosha mtu aliyeuza usipa Dzaleka. Watu wakacheka ndani. Mimi nikageuka kumpa mgongo yule mama wa mandazi, maana uso wangu ulikuwa unawaka.

Kisha kicheko kikaisha, ukaendelea kusema peke yako, kwa muda, na hakuna aliyekukatiza. Ulishusha sauti, sikujua unasema nini. Kura zikapigwa, viti vikaburuzwa, na mwenyekiti akatoka wa kwanza amekunja uso.

Bambo Phiri alinikuta pale pale dirishani. Hakuuliza nimefuata nini. Alisema, "Mzee Salumu, mandazi bila chai yatakukwama. Karibu ndani."

Nikamwambia palepale nje, maana nilikuwa nimelishikilia mwaka mzima, "Mi njo baba yake."

"Najua, Mzee."

"Si we."

"Si mimi. Karibu chai."

Tukakaa kwenye chumba hicho cha walinzi, wewe ukiwa umekwenda kupeleka taarifa kwa karani. Akanieleza ulichosema baada ya kicheko. Kwamba yule muuza samaki alifanya biashara tangu kabla hujazaliwa, kwamba ana akili kukushinda wewe na wengi waliomo chumbani. Na kwamba hilo ndilo linalokutisha, kwa sababu hata mwenye akili, akipenda kitu kimoja kupita kiasi, hatazami mawingu. Kwa hiyo fedha za walimu na madereva zigawanywe, sehemu kwenye hati za serikali, sehemu kwenye nyumba za kupangisha, sehemu ndogo kwenye hisa, na hoteli isipate kitu mwaka huu. Mzee wa madereva ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

"Ana swali moja," Bambo Phiri akaniambia, akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka. "Kila akiletewa kampuni inayouzwa, anauliza: kama ni nzuri hivyo, mbona mnaiuza? Nimesoma vitabu vingi vya kazi hii, sijalikuta. Sijui kalitoa wapi."

"Ni yangu!" nilisema. Nilisema kwa nguvu mpaka mlinzi akachungulia. "Ile swali ni yangu mimi. Ya Kindu. Ya vitenge."

Alinitazama, akacheka, na mimi nikacheka, wazee wawili kwenye chumba cha kuchemshia chai. Kisha akaacha kucheka. "Mzee, nikuambie kitu? Leo mwenyekiti alipouliza habari za hisa, nilikwisha kufungua mdomo kujibu. Wote wakageuka kumtazama Mwamini. Nikaufunga. Nimeshika kazi hii peke yangu, na magongo haya, tangu siku ambazo hakuna aliyetaka kunipa hata kiti. Nilizoea kuwa mimi tu. Wiki ile baada ya ngazi, wadhamini waliposema nimwondoe, sehemu ya moyo wangu ilisema sawa. Nilitaka kumpa kazi ya kuandika barua na kupokea simu."

"Mbona hukufanya?"

"Alikuja Jumatatu asubuhi kabla yangu. Alikuwa amekaa kwenye meza yangu, si yake, kwa sababu mwanga wa pale ni mzuri. Akaniambia, 'Bambo, mkutano ujao utakuwa chini. Niambie nani atakataa, nianze naye.' Sasa mtu kama huyo utampa kupokea simu?"

Kwa hiyo ndivyo nilivyomjua, Mwamini. Nilidhani mimi peke yangu ndiye bibi mukubwa. Kumbe tulikuwa wawili, na wewe ulikuwa umetupita wote ukiwa unajifuta vumbi. Hujui ni kwa kiasi gani mazungumzo hayo yaliniponya, wala sidai yameniponya kabisa. Barua ya kukupa uongozi wa idara pale kwenye kampuni ilipokuja, nilipoona jina la Bambo Phiri limetiwa sahihi chini, wivu ulinichoma tena. Nilitamani liwe langu.

Sasa unakwenda kukaa Lilongwe, si kwenda na kurudi. Utakuwa na watu chini yako. Mambo mengine yote ya kazi hiyo unayajua kunizidi, lakini mawili matatu niliyonunua kwa bei kubwa nakupa bure.

Watakuwepo watu watakaokusifu kwa kupanda ngazi na kusahau kukuuliza umeamua nini ulipofika juu. Sifa ya namna hiyo ni kubebwa kwa mdomo. Naujua utamu wake, kwa sababu siku ile niliinywa mimi kwa niaba yako. Waambie asante, kisha warudishe kwenye hesabu.

Lakini usije ukawa mtu wa kukataa kila mkono. Kuna siku mkanda utakatika na mvua itakuwa inanyesha na mgongo wa mtu ndiyo njia iliyopo. Ukiuomba wewe, ni wewe unayeamuru: simama, inama, nibebe, nishushe hapa. Kosa langu halikuwa mgongo. Ulisema hapana, na nilikuwa nimekusikia.

Na siku moja atakuja mtu katika idara yako, utamfundisha kila unachokijua, na kwenye mkutano vichwa vyote vitageuka kumtazama yeye na wewe mdomo umekwisha kuufungua. Utasikia moto hapa, chini ya mfupa wa kifua. Usishtuke ukadhani umekuwa mtu mbaya, wala usijidanganye kwamba moto haupo. Mimi nilijidanganya, nikauita upendo wa baba, ndipo ukaniunguzia mtoto. Uite jina lake. Ukiweza, mtafute mtu mwingine anayeungua vile vile, mnywe chai.

Juu ya Bambo Phiri: mheshimu. Mwite unavyomwita. Mkiwa kwenye mabishano ya kazi usimwachie kwa sababu amekufundisha, hata yeye hataki, ingawa atanuna. Na kama atakuuliza habari zangu, mwambie Mzee Salumu hajambo, anauza sabuni, chumvi, nguo kuukuu na usipa kidogo.

Nasikia sauti ya mama yako kwa jirani, anaaga kwa mara nyingine. Nimalize.

Kesho sitakusindikiza mpaka kwenye minibasi. Watu watauliza, na mama yako atanisema. Waache. Nikikufuata nitataka kukushikia begi. Nikishika begi nitataka kukushika mkono, na barabara ile ina mashimo, nami sijajiamini bado. Tutaagana mlangoni. Nitakaa kwenye kiti changu, na ukianguka njiani nitakaa hapo hapo, nitashika mbao za kiti kwa mikono yote miwili, mpaka nikuone umesimama.

Mungu akutangulie.

Baba yako,
Salumu